Nyundo Niliyoondoka Nayo

Ekero, Mumias
Jumapili alasiri

Mke wangu mpendwa, Mama Wakesho,

Naomba karatasi hii ikukute unapumua vizuri, wewe na wote wa hapo nyumbani Mwatate, na magoti ya mama yawe yamepata nafuu baada ya baridi ile. Mbuzi aliyezaa mapacha anaendeleaje? Mimi huku ni mzima wa mwili. Roho ndiyo ina kasoro, na nitakueleza sababu yake, maana wewe mwenyewe ndiye uliyeituma ndani ya bahasha.

Barua yako niliisomea pale pale dukani wanapotuwekea barua, nimesimama. Ulianza vizuri: mvua, mahindi, mbuzi. Halafu ukaandika, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba ndugu yangu Mwakio na binti yetu wameitoa stoo yangu yote nje na kuipanga upya. Spana zimetundikwa ukutani, misumari imetiwa kwenye makopo, na Wakesho anamfuata baba yake mdogo siku nzima, amembebea tochi. Ukamalizia, "Utafurahi ukiona."

Sikufurahi. Nilishikwa na wivu mpaka nikatoka bila kofia yangu, mwenye duka akanifuata nayo barabarani. Nimekaa wiki tatu bila kukujibu, na sasa unajua kwa nini. Kila nilipoishika kalamu yalikuja maneno ambayo mtu hapaswi kumwandikia ndugu wa tumbo moja.

Najua Mwakio hana ubaya. Amewaona mnapata shida kutafuta panga katikati ya vyuma vyangu, akasaidia. Lakini unakumbuka asubuhi niliyoondoka? Wakesho alisimama kwenye mlango wa stoo akaniuliza nani atapanga vile vyombo. Nikamwambia, "Mimi na wewe, nikija Desemba." Akanihesabia miezi kwa vidole. Desemba ikaja, ruhusa haikuja. Huku miwa haina Krismasi, Mama Wakesho. Kiwanda kinasaga usiku na mchana, trela zinapanga foleni mpaka barabarani, na trekta ya kontrakta ninayemfanyia ufundi ikilala siku moja, yeye halali. Sasa ahadi yangu ameitimiza Mwakio, na asante ameipata yeye.

Basi nikafanya jambo la kitoto. Nikajiambia, kama Mwakio ana msaidizi, na mimi nitajitafutia wangu.

Nilikwisha kukuandikia kuhusu mwenye nyumba wangu, Makokha, dereva wa trekta ya miwa. Huku watu wamepata nguvu tangu kiwanda kije. Kila boma lina bati jipya na redio inayosikika mpaka kwa jirani. Makokha yeye alijenga gereji. Gari hana bado, anasema litakuja na mavuno, lakini gereji ipo, na ndani yake kulikuwa na magunia, majembe, matairi yaliyokwisha na kuku mmoja aliyekuwa akiatamia. Aliniruhusu nifanyie humo kazi za majirani saa zangu za mapumziko. Nilikuwa nafanya katikati ya takataka hizo bila kujali. Baada ya barua yako, nikajali ghafla.

Ana binti wa miaka minane, Nafula. Amepewa jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo Makokha humwita "mama" na humheshimu hivyo hivyo. Nilimwomba mama yake anipe mtoto anisaidie baada ya shule, akakubali. Tulimhamisha kuku na mayai yake, tukatoa kila kitu uani, tukapaka ukuta chokaa. Mimi nilikuwa napigilia misumari, yeye ananipa vifaa kimoja kimoja.

"Fundi, hii inawekwanga wapi?"

"Popote."

"Popote ni wapi?"

Akaokota kipande cha mkaa jikoni, akaibandika ile spana ukutani na kuizungushia mstari pande zote. Alipoitoa, mchoro wake ukabaki. "Sasa ikitoka tutajua ni gani imeenda," akasema. Tulifanya hivyo kwa kila kifaa: koleo, tupa, misumeno, jeki ya kuazima. Ukuta mzima ukajaa mistari yake. Miaka yote hii ya ufundi, sikuwahi kufikiria kitu kama hicho.

Nilifurahi, sikatai. Lakini furaha yenyewe haikuwa safi. Kila alipocheka, moyoni nilikuwa nikimwonyesha Mwakio. Kila aliponiita fundi, nilitamani mngesikia huko. Mtoto wa watu alidhani tunapanga gereji, kumbe mimi nilikuwa kwenye mashindano na mtu aliye mbali ambaye hata hana habari.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Jumapili iliyopita Makokha alipata siku ya kupumzika, jambo la nadra. Mama Nafula akachinja kuku, ingokho kama wanavyosema, akasonga na obusuma, yaani ugali, na mimi nikaalikwa. Nafula ndiye aliyekuwa akigawa nyama. Akatafuta kwenye bakuli kwa kijiko mpaka akaipata firigisi, akaja kuiweka juu ya ugali wangu.

"Hii ni ya fundi," akasema. "Yeye ndiye tunafanyanga kazi na yeye."

Nikaila. Kwetu ni kipande cha nyama kama vingine, ningejuaje? Nilipoinua macho, nikaona hakuna anayetafuna isipokuwa mimi. Makokha alinawa mikono kabla ya kumaliza, akasema ameshiba, akatoka kwenda kuiangalia trekta ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

"Fundi," Mama Nafula akaniambia polepole, "imondo uliyokula ni ya mwenye boma. Mimi mwenyewe tangu niolewe sijaionja. Mtoto anajua, sijui leo amefikiria nini."

Yule mtoto akaanza kulia. Nilimfuata Makokha nikamkuta ameinama kwenye gurudumu, nikamwomba radhi.

"Si nyama inaniuma," akasema bila kugeuka. "Asubuhi ninatokanga mtoto amelala. Nikirudi, amelala. Leo nimekaa kwangu, ninasikia tu fundi alisema, fundi alicheka. Kweli, fundi, hata imondo sasa imejua wewe."

Maneno yale yote ningeweza kuyatia kwenye bahasha yakamfikia Mwakio bila kubadilishwa hata moja. Nilisimama pale nikiona aibu. Nilikuwa nimemfanyia mwenzangu jambo lile lile lililokuwa likininyima usingizi, na tena mimi nilikuwa nimelifanya kwa makusudi.

Wiki hii sikumwita Nafula gereji. Ulikuwa umebaki ukuta mmoja tu, wa vifaa vya baiskeli. Leo zamu ya Makokha ni ya usiku, na alipotoka kanisani nikamwambia jino linaniuma, ninaomba anisaidie kuumaliza ukuta huo. Aliniangalia sana. Nadhani alijua hakuna jino. Akaingia na koti lake la kanisani, hakulivua, mtoto nyuma yake. Mimi nikapindua ndoo nje, nikakaa nimeshika shavu.

"Hapana, baba, hiyo si ya hapo. Angalia mdomo yake."

"Wapi sasa, mama?"

"Hapo. Panda juu kidogo. Hapo!"

Halafu nikasikia kopo la misumari limeanguka sakafuni, kisha wote wawili wakacheka. Waliiokota misumari mmoja mmoja, na hawakuwa na haraka hata kidogo. Mama Wakesho, sitakuficha: wivu ukanirudia pale pale kwenye ndoo. Mwanzo nilimwonea wivu Mwakio, leo nikamwonea Makokha, ndani ya gereji yake, na mtoto wake mwenyewe. Nimegundua sina tena wa kumlaumu. Ninachokitaka ni kile kicheko, na changu kiko Mwatate.

Walipomaliza, Nafula alikuja na kipande chake cha mkaa. "Fundi, kila kitu iko na mchoro. Nyundo yako tu ndiyo haina."

Ni nyundo ile niliyoondoka nayo nyumbani, yenye mpini niliouchonga kibarazani Wakesho akinishikia upande mmoja. Akataka aichore katikati ya ukuta, mahali pazuri kabisa alipokuwa amepaacha. Nikamkataza. Nikamwambia hiyo si ya hapa, ina ukuta wake kwetu.

Akafikiri. "Basi tuma mchoro itangulie," akasema, akaenda kulichana daftari lake.

Kabla sijasahau, msalimie mama mzazi, na umwambie dawa ya kuchua nitamletea mwenyewe. Msalimie shemeji yangu, mwalimu, aliyekusomea barua yangu ya mwisho ulipoumwa macho. Hii isome peke yako. Msalimie Mwakio pia. Mwambie asante kwa stoo. Nimeandika neno hilo mara mbili nikalikata, hii ya tatu nimeliacha, kwa hiyo mfikishie kabla sijabadili mawazo. Na kontrakta nimekwisha kumwambia kwamba mashine za kiwanda zikisimama kwa matengenezo, mimi ninapanda gari siku hiyo hiyo, anune asinune.

Ndani ya bahasha utakuta kurasa mbili za daftari zilizounganishwa kwa uji, kwa sababu mpini haukutosha kwenye moja. Huo ndio mchoro wa nyundo. Nimeuchora mwenyewe, Nafula amenishikia karatasi. Mpe Wakesho. Achague mahali ukutani, abandike, auzungushie mkaa, apigilie misumari miwili ya kushikilia. Afanye peke yake, hata ukikaa upande. Mwakio asitundike chochote hapo, hata kofia yake kwa dakika moja. Na mtu akiingia stoo akauliza mbona pale pako tupu, Wakesho amjibu kwamba si patupu, ni pa baba.

Mimi mumeo, mwenye nyundo,

Baba Wakesho