Kila Nikiuliza Aliko

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka hospitali. Herufi zangu zinayumba kama walevi — lakini ni zangu.

Mke wangu wamemzika mimi nikiwa bado kwenye oksijeni. Mvua ilikuwa kubwa, tukaingiza jiko la mkaa chumbani. Yeye akaziba upenyo wa mlango kwa matambara, kama tulivyofanya miaka ile ya kujificha, taa isionekane nje. Uzee wote huu ugenini, hakuna anayetuwinda, na bado tunaziba! Moshi tungeunusa. Hewa ile ya sumu haina harufu.

Alhamisi, 6 Juni

Daktari kanitaka nitaje miezi kinyumenyume. Nikaitaja, nikamwongezea na beti mbili za utenzi. Akacheka, kisha akanionya: sumu hii huaga, halafu hurudi baada ya wiki kadhaa. Akili huweza kuzimika taratibu, na huweza kupona. Hakuna ajuaye.

Jumapili, 23 Juni

Nimesoma ukurasa mmoja tu, asubuhi nzima. Vifungo vya shati vimenishinda. Binti yangu kanivalisha.

Jumanne, 25 Juni

Leo nina akili zangu. Niandike upesi.

Eti jana nilimwuliza binti mama yake yuko wapi. Akajibu kaenda kwa fundi cherehani — na mimi nikafurahi!

Nimemwambia: usinidanganye, mwanangu. Nikiuliza mara mia, niambie mara mia.

“Baba, kila mara utalia upya.”

Basi nilie. Tumeacha wafu wangapi njiani, hatujui hata walikolala. Huyu namjua alipo. Sitaki kumpoteza mara mbili.

Akaniapia. Kisha: “Ila ukinirushia kiatu, nakurudishia.” Mama yake kabisa! Tumecheka mpaka tukalia.

Ijumaa, 28 Juni

Mke wangu kachelewa. Chai yake imepoa.

Kuna mwanamke anapika hapa, sura yake kama ya watu wa kwetu. Nimemwuliza kama amemwona. Kazima jiko, kaja kuketi, kanishika mkono — ananiambia mke wangu amekufa! Amezikwa! Mdomo gani huo? Nimemfukuza.

Hakwenda mbali. Kakaa kwenye ngazi, kajiinamia. Anasema nikitulia ataingia aniambie tena. Nimemwuliza nimemkosea nini. Hujanikosea, asema, ila kuna mtu aliniapisha.

Mtu gani mwenye moyo wa namna hiyo?