Swichi ya Ukutani

Jumatano usiku

Kumbe ni mimi. Wiki zote hizi kila asubuhi kompyuta inaniandikia kwamba kunakili mafaili kumeshindikana, nami nikabadilisha waya, nikaiweka programu upya, nikawagombeza watoto kwamba wanachezea diski ya nje, ile ya kuchomekwa ukutani.

Leo fundi wa Chang'ombe kasema kompyuta yenyewe imekufa, hakuna cha kuokoa. Sauti ya mama imeenda nayo. Nilimrekodi kijijini Kibakwe, anacheka, anachanganya Kigogo na Kiswahili, muda mfupi kabla hatujamzika. Kwenye simu nilishaifuta, nikiamini nakala ipo.

Nikamwambia mke wangu ile diski ilikuwa mbovu. Akaniangalia.

"Baba Neema, si ulisema inanakili usiku wa manane? Na wewe kila tukienda kulala unazima swichi ya ukutani. Hiyo diski ingepata wapi umeme?"

Mama ndiye aliyetuzoesha, kwa kuogopa radi. Alipokuwa akikaa nasi, tumeshajifunika, bado atauliza toka chumbani kwake: "Mmezima ukutani?"

Sasa hivi nimepita pale, mkono ukazima wenyewe.

Nimezima, mama.