Nyati Mwenye Nundu

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Itikia kwanza, ndipo uulize zawadi, maana zawadi yenyewe ni kizaazaa.

Leo hapa Gongoni, Tabora, nimenunua kikopo cha asali, chenji nikapewa sarafu ya mia tano. Kuitazama, nyati aliyechorwa juu yake ana nundu kama ng'ombe! Wewe huwezi kujua, ila mjukuu wako, msomi wa darasa la sita, najua: chuma cha kugongea sarafu kilimeguka, pale pakavimba. Nimeshakusanya sarafu mbovu kumi na moja, kama hii sina. Nikaruka, "Sisi Wazaramo tuna macho!"

Hapo nikajiponza. Mama muuza asali akanipokonya. "Kumbe Mzaramo? Mtani wangu huyu! Basi hii yangu." Nawe unajua, mtani Mnyamwezi akichukua, ukinuna umeaibisha ukoo mzima. Nikacheka huku machozi yananilenga. Akaitumbukiza, chubwi, kwenye ndoo kubwa ya asali. "Ukimtaka nyati wako, nunua na zizi lake."

Nimenunua, Bibi. Mkono haufiki chini. Nimejaribu, nimenata mpaka kwapani. Nauli ya basi imeishia humo, kwa hiyo narudi kwa treni, daraja la tatu, ndoo nimeipakata kama mwana mchanga. Chemsha mihogo mingi, uite majirani, tuchovye mpaka tumfikie nyati. Ila atakayemmeza, haendi chooni bila mimi kujua.

Nakupenda kuliko asali yote hii,
mumeo Shomari