Usiniandikie Kwamba Umezoea

Kwako Nyambura, mwanangu,

Ujumbe wako wa jana niliusoma nikikamua ng'ombe, na ndoo ikapinduka. Uliandika: "Mami, huku jioni kuna risasi risasi hivi, lakini nishazoea. Usijali." Nimejali.

Wewe ni wa kuzoea tangu lini? Nakukumbuka tukiishi Endarasha, karibu na msitu, kabla hatujahamia huku Tetu. Ulikuwa mwoga kupindukia. Tawi likivunjika tu, unaacha sahani yako ya githeri na kuja kunishika sketi. "Mami, iko ndovu!" Kaka zako walikucheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini ulipopiga kelele sote tuliingia ndani, na mara nyingi ndovu alikuwepo kweli, keshavunja ua, anakula viazi vyetu.

Jirani yetu Baba Kimani hakuwa na haja ya kuingia ndani. Alisimama shambani na debe lake la kupiga ili kuwafukuza ndovu, akaniambia, "Hawa mimi nimewazoea, mama. Hawana shida na mtu." Jioni moja mmoja wao alimkanyaga. Ulikuwepo tulipomzika.

Ajabu ni kwamba neno hilo, kuzoea, nimeliandika miaka yote niliyofundisha chekechea. Mtoto akiacha kulia mlangoni, naandika kwenye ripoti yake, "Amezoea vizuri," na wazazi wanafurahi. Hata barua iliyokupeleka kufundisha huko kaskazini ilitaka mwalimu "anayezoea mazingira yoyote". Nilikusomea kwa sauti, nikaona fahari, nikachinja kuku. Kwenye karatasi lilikuwa neno zuri. Sikuuliza ni mazingira gani.

Kisha likaanza kuja kwenye simu yangu. Maji ya chumvi, umezoea. Joto, umezoea. Nilikusifu kwa akina mama wa kanisa, nikawaambia msichana wangu ni ngangari. Sasa ni risasi, na unaziandika vilevile ulivyoandika joto.

Naogopa, Nyambura. Anayeogopa mlio hulala chini kabla hata hajajua kwa nini. Aliyezoea huinuka akafunge dirisha. Nakuona ukiinuka. Nikifumba macho nakuona, nikiyafumbua bado nakuona, na chai inapoa mkononi.

Sikuambii uache kazi leo. Najua watoto hao hawana mwalimu mwingine, na najua unavyowapenda. Lakini omba uhamisho, na wakikunyima uombe tena. Lalamika hadi mkuu wa shule akuchoke, wewe uliyekuwa unalalamikia hata uji usio na sukari. Na usinifiche mambo eti ili nipate usingizi. Niandikie tu, "Mami, naogopa." Siku nitakayosoma hivyo, nitalala.

Ni mimi mama yako,
ambaye sijazoea.