Aliyekuwa Ndani ya Konokono

Dayton, Ohio
6 Machi 1983

Mama mpenzi,

Habari za huko Barstow? Goti linasemaje baada ya ile sindano? Mimi ni mzima, ila theluji imekataa kuondoka na gari langu limekataa kuwaka, kwa hiyo naenda kazini kwa miguu kama mtawa.

Nina habari, kaa chini kwanza. Unajua kwamba kila Jumamosi mchana pale sinema tunaonyesha filamu za zamani za watu wa sayari nyingine, zile zilizotengenezwa kwa vijisenti. Mimi ndiye ninayeendesha mtambo wa kuonyeshea filamu. Wiki iliyopita tuliweka moja ya mwaka 1956, Konokono wa Zuhura. Mama, nimecheka mpaka mbavu zikaniuma! Chombo cha angani ni sufuria mbili zilizofunikana, na uzi unaoning'iniza sufuria unaonekana waziwazi. Mwanasayansi anavuta kiko ndani ya kofia ya kioo. Halafu konokono mwenyewe, mkubwa kama lori, anauawa kwa kumwagiwa chumvi kwa mpira wa zimamoto. Watu huja na pakiti za chumvi mifukoni, na ikifika pale wote husimama na kurusha: "Chumvi! Chumvi!"

Uliwahi kuniuliza napenda nini kwenye takataka hizi. Nimepata jibu. Filamu za matajiri hukudanganya vizuri, ukatoka huna ulilofanya. Hizi zinakuomba uzisaidie kudanganya. Watu waliotengeneza dunia nzima kwa sufuria na gundi, wala wasione haya, mimi nawapenda.

Sasa sikia. Mwishoni, kwenye majina, nimesoma: Mavazi, A. Skovgaard. Ni wewe? Mbona hukuniambia hata siku moja? Mwongozaji wake, mzee Vernon Prell, anakuja hapa tarehe 14 Mei kupewa tuzo na mashabiki. Nataka uje uketi naye jukwaani. Nitakulipia nauli.

Binti yako anayejivunia,
Bobbie


Barstow, California
12 Machi 1983

Mwanangu Bobbie,

Salamu nimezipata. Goti linaendelea. Upepo umeng'oa bati la banda.

Ndiyo, ni mimi. Sitakuja. Usinitaje kwa mtu huyo, na filamu hiyo usiiangalie tena.

Vaa soksi za sufu.

Mama yako


Dayton
20 Machi 1983

Mama,

Natumaini u mzima kuliko barua yako ilivyokuwa. Niliisoma mara nne nikidhani kuna ukurasa umebaki kwenye bahasha.

Barua yako ilifika nikiwa nimekwisha kukutaja. Nilikuwa nimempigia Bwana Prell simu kupanga safari yake. Sauti yake tamu, kama babu wa redioni, ananiita "kipenzi" kila baada ya neno la tatu. Nikamwambia mimi ni Skovgaard. Nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, "Wewe ni binti wa Emmett?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Alikuwa mtu mwema. Moyo wake tu ulikuwa mbovu." Akakata simu.

Mama, nimelelewa nikijua kwamba Baba aligongwa na lori kwenye barabara ya Needles nikiwa na mwaka mmoja. Kila Julai umenipeleka kaburini na kuniambia habari za lori hilo. Moyo mbovu umetoka wapi? Na Prell alimjulia wapi baba yangu?

Nakungoja.
Bobbie


Barstow
2 Aprili 1983

Mwanangu,

Natumaini umekaa, na una mtu karibu.

Hakukuwa na lori. Baba yako ndiye aliyekuwa ndani ya konokono.

Alikuwa mpiga mieleka wa maonyesho, mrefu, mpole. Prell alimtaka kwa sababu angeweza kubeba lile gamba mgongoni. Gamba nililitengeneza mimi kwa waya wa banda la kuku, magazeti na gundi. Ngozi niliishona kwa sponji na mpira, nikaipaka vaselini ing'ae. Nilikuwa nimeweka zipu tumboni ili Emmett atoke apumue kila wanapobadilisha taa. Prell akasema zipu inaonekana, watu watacheka. Akasema, "Arlene, mshone." Nikakataa. Akasema kama sitaki atamleta mtu mwingine amshone vibaya zaidi. Emmett akanikonyeza, akasema, "Nishone, mke wangu. Dakika kumi tu."

Nikamshona, Bobbie. Kwa uzi wa nta, mishono ya karibu karibu, kwa sababu mimi sijui kushona ovyo.

Ilikuwa jangwani, mwezi Julai, saa saba mchana. Dakika kumi zikawa arobaini. Walipoanza kumwaga chumvi, konokono akasimama, akaanza kutetemeka. Prell akaona anaigiza vizuri, akaiacha kamera iendelee. Kile unachokiona pale, watu wakipiga kelele za chumvi, ni baba yako anakufa.

Hospitalini, Prell alinishika mikono yote miwili akaniuliza, "Arlene, wewe ndiye uliyemshona na ulikuwa umesimama pale pale. Kwa nini hukusema neno?" Siku ile siikumbuki sawasawa, naona mchanga mweupe tu na sindano mkononi mwangu. Lakini najua kwamba sikusema neno. Nilisimama kama gogo. Polisi walipokuja, Prell akawaambia moyo wa Emmett ulikuwa mbovu, nami nikatia sahihi, kwa sababu niliona nikimpeleka yeye gerezani nitakwenda naye. Ndiyo maana nikakupa lori. Lori halina sindano.

Mazikoni, fundi wa sauti, Gus Petrakis, alinipa ukanda wa siku ile. Filamu waliiwekea muziki wa kinanda juu, lakini sauti yenyewe ya siku ile imo kwenye ukanda. Aliniambia, "Ipo siku utauhitaji." Sijawahi kuusikiliza. Nimeuweka kwenye kopo la biskuti miaka ishirini na saba nikiomba kitu kimoja tu: Prell asife kitandani akisifiwa.

Na sasa anakuja kusifiwa kwako. Mungu si Athumani.

Ukanda uko ndani ya kifurushi hiki. Mtambo ni wako. Watakapofika kwenye chumvi, zima kinanda, washa ukanda. Mkalishe kiti cha mbele.

Mama yako


Dayton
24 Aprili 1983

Mama,

Sijui nianze na salamu gani. Mzima? Mimi si mzima.

Kifurushi kilifika tarehe 7. Sikukuandikia kwa sababu niliyemkasirikia kwanza ni wewe. Nilikaa na picha ya Baba mezani nikafikiri: Jumamosi ile nilicheka. Nilirusha chumvi, Mama. Nilirusha pakiti mbili. Kama ungeniambia nisingerusha.

Halafu nikausikiliza ukanda. Sitakueleza kilichomo. Kuna jambo moja unapaswa kulijua, na nitakuambia, lakini siyo sasa. Nikikuambia sasa hasira yako itapoa, na mimi naihitaji.

Prell nimemwandikia barua nzuri sana. Kiti chake ni cha mbele, katikati. Amejibu kwamba yuko radhi.

Njoo.
Bobbie


Barstow
30 Aprili 1983

Mwanangu,

Nikija nitamuua, na wewe utabaki huna hata mama. Fanya wewe.

Kula vizuri.
Mama yako


Dayton
15 Mei 1983

Mama mpenzi,

U hali gani? Umelala? Mimi nimelala saa kumi na moja mfululizo, kama mgonjwa. Nakuandikia nikiwa bado na chumvi kwenye nywele.

Ukumbi ulijaa, watu mia mbili na zaidi. Prell alikuja na fimbo na koti la kahawia, wakasimama wote kumpigia makofi. Akawapungia. Aliponiona mlangoni akaniambia, "Una macho ya baba yako, kipenzi." Nikamwambia, "Asante, mzee. Karibu kiti."

Wakacheka kote walikozoea kucheka. Sufuria, kiko, uzi. Hata yeye alicheka. Konokono alipotokea wakaanza kupiga miguu chini. Mpira wa zimamoto ukafunguliwa, wakasimama wote: "Chumvi! Chumvi!" Nikazima kinanda. Nikawasha ukanda.

Kwanza ni upepo na mlio wa kamera. Wachache walicheka, wakadhani mtambo umeharibika. Mmoja akanipigia kelele, "Dada, amka huko juu!" Halafu ikaja ngo, ngo, ngo. Mtu anagonga gamba kwa ndani. Kisha sauti ya mwanamume, imezibwa, mbali: "Arlene. Arlene, fungua."

Na sasa nakuambia jambo nililokuficha. Sauti inayofuata ni yako, Mama.

Hukunyamaza. Sikia vizuri: hukunyamaza hata kidogo. Ulisema, "Vernon, kata! Anaishiwa pumzi!" Prell akasema, "Endeleeni, anatetemeka vizuri sana." Ukasema, "Kata! Nipeni mkasi! Nani ana mkasi?" Akasema, "Mshikeni huyo mwanamke, anaharibu picha." Ulipiga mayowe. Kuna mtu analalamika, "Ameniuma!" Umemuuma mtu, Mama. Dakika tatu nzima ulipiga kelele, na walikuwa wamekushika, na yeye alijua, na hospitalini akakushika mikono akakuuliza kwa nini hukusema neno.

Huko ukumbini chumvi ilikoma yenyewe, safu kwa safu, kama mvua inavyokatika. Nikauacha ukanda hadi mwisho, nikateremka, nikasimama mbele ya pazia. Nikasema, "Aliyekuwa ndani ya konokono ni baba yangu. Jina lake Emmett Skovgaard. Mliyemsikia akipiga kelele ni mama yangu. Yule aliyesema endeleeni yuko hapa mbele."

Mwanamke mmoja wa makamo, amevaa antena za karatasi kichwani, akazivua. Akamwuliza Prell, taratibu tu, "Sauti ile ni yako?"

Akasema, "Ilikuwa zamani sana."

Akamwuliza tena, "Ni yako?"

Akasema, "Ndiyo. Nilidhani anaigiza."

Nikamwambia, "Alikuwa anagonga, mzee."

Akaomba koti lake. Hakuna aliyempa. Akalichukua mwenyewe, akatembea njia nzima ya katikati, na fimbo yake, na ile chumvi inalia chini ya viatu. Mtu wa gazeti alikuwepo. Kesho itatoka.

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, kwa muda wa kama nusu saa. Halafu nikakaa kwenye ngazi za chumba cha mtambo nikalia, kwa sababu ile ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kusikia sauti ya Baba, na alikuwa anaita jina lako.

Nisamehe kwa kukuficha wiki tatu. Nilikuwa namtaka Prell zaidi.

Nijibu.
Binti yako, Bobbie


Dayton
19 Juni 1983

Mama,

Hujambo? Simu hupokei. Jirani yako Bi Hatch anasema upo, u mzima, ila kila Jumanne asubuhi unatoka na gari na kurudi jioni. Unakwenda wapi na goti hilo?

Ukanda nilikurudishia. Niambie kama ulifika.

Bobbie


Dayton
24 Julai 1983

Mama, nakuomba. Mstari mmoja.

Bobbie


Barstow
9 Septemba 1983

Mwanangu kipenzi Bobbie,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na gari linalowaka. Mimi ni mzima, mzima kuliko nilivyokuwa tangu uzaliwe. Kunyamaza kwangu usikuchukulie vibaya. Nilikuwa na kazi.

Ukanda ulifika. Nilinunua kinasa sauti kwenye duka la vitu vikuukuu, cha kubebeka, chenye mpini. Siku nne sikukigusa. Siku ya tano nikakiweka juu ya meza ya jikoni nikakiwasha. Nilijisikia. Sikuijua sauti ile kwanza, nikajiuliza ni nani huyu mwanamke mkali hivi. Nikarudia mara sita. Miaka ishirini na saba nimemchukia mwanamke ambaye hakuwepo.

Usiku huo nililala. Asubuhi nikaamka nina hasira mpya kabisa, safi, haina doa langu ndani yake.

Prell anaishi Burbank, mwendo wa saa mbili. Baada ya gazeti lile hakuna mtu anayemtembelea, hata wale mashabiki. Mwanawe amehamia pwani ya mashariki. Jumanne ya kwanza alinifungulia mwenyewe akasema, "Arlene." Nikaingia, nikaweka kinasa sauti juu ya meza yake ya sebuleni, nikakibonyeza. Dakika tatu. Alilia. Nikanywa kahawa yake, nikamaliza, nikaosha kikombe. Akauliza, "Unataka nini kwangu?" Nikamwambia, "Hakuna. Nitarudi Jumanne."

Nikarudi. Nimerudi Jumanne kumi na tatu. Sijamtukana, sijainua mkono. Nabonyeza, tunasikiliza, naondoka. Mara ya saba aliniomba msamaha kwa magoti, na kumwinua ilibidi nimwite jirani. Nikamwambia nimemsikia. Kusikia siyo kusamehe.

Unajua kwamba mimi ni Mlutheri, na mchungaji wangu ameanza kuniuliza Jumanne naenda wapi. Nimemwambia nakwenda kumwona mgonjwa. Si uongo. Ini lake limekwisha.

Jumanne hii nilipofika, mlango ulikuwa wazi kabla sijabisha. Amenyoa ndevu. Ameweka biskuti kwenye sahani, na kiti changu amekisogeza karibu na dirisha kwa ajili ya goti. Nikaelewa, Bobbie. Mimi ndiye mgeni pekee aliyebaki naye duniani. Ananingoja. Kimeniudhi kitu hicho kuliko nilivyoweza kuonyesha.

Nikakaa. Kinasa sauti nikakiweka mezani, mikono nikaiweka mapajani. Saa ya ukutani ikapita dakika tano, kumi. Akatazama kinasa sauti, akanitazama mimi, jasho likamtoka. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona hubonyezi?"

Nikachukua biskuti.

"Leo," nikamwambia, "utangoja."

Mama yako anayekupenda,
Arlene