Bega la Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao, na kwamba lile goti halikusumbui zaidi ya ilivyo kawaida yake. Mimi sijambo. Mafua yalinishika wiki iliyopita, lakini mafua ya huku huja na baridi na kuondoka bila kuaga. Vidole tu ndivyo vimekakamaa, kwa hiyo ukiona mwandiko umekwenda upogo usidhani nimeanza kunywa uzeeni.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeijaribu, Dada. Mara tatu wiki hii nimepiga, na mara zote tatu ulipoitika nikaanza kukuelezea hali ya hewa. Tangu siku tulipomzika mama umekuwa ukiniuliza swali moja, nami nalipiga chenga. Unataka kujua mama alisema nini alipomaliza kusoma ile barua uliyonipa nimpelekee. Pale makaburini nilikujibu kwamba aliisoma na hakusema kitu. Jibu lile nimeliona lilivyokufanya. Umekonda mpaka magauni niliyokushonea kwa mikono yangu yanakupwaya. Leo nitakujibu sawasawa, ila niache nizunguke kidogo kwanza, maana nikienda moja kwa moja nitashindwa.

Unakumbuka ilivyoanza. Miezi sita baada ya baba kufariki, mama alifunga sanduku moja akahamia bondeni huku kujifunza kufuma mapambo ya ukutani, mtu wa miaka sitini na tatu. Wewe ulipata habari kwa jirani. Ulisema ametutupa, amekuachia nyumba na wajukuu na mbwa mgonjwa ili akacheze na nyuzi pamoja na wahuni. Miaka miwili hamkusemezana. Mimi nikawa mjumbe wa simu katikati yenu, kila mmoja nikimwambia kwamba mwenzake anamsalimia, na salamu zote hizo nilizitunga mwenyewe.

Mara ya kwanza kuja huku ilikuwa msimu wa baridi mwaka jana, na barua yako ikiwa kwenye mfuko wa ndani wa koti langu. Mji wenyewe usiutegemee ukubwa. Ni barabara moja inayoteremka mpaka mtoni, milima pande zote mbili, na jua linachungulia saa nne asubuhi, ikifika saa tisa limeshaondoka. Kila mlango una rangi yake na nyuma ya kila mlango kuna msanii. Wafinyanzi, wachongaji, wachoraji, watu wa kutengeneza vinanda, lakini wa kuziba bomba hayupo hata mmoja! Siku niliyofika bomba la mama lilikuwa linavuja. Walikuja majirani watatu, wakasimama kutazama doa la maji ukutani, wakabishana kama linafanana na farasi au na mwanamke aliyelala. Nililifunga mwenyewe kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Mama alikuwa amepanga chumba juu ya karakana ya fundi fremu. Humo ndani mlikuwa na kitanda, jiko dogo, na fremu kubwa ya mbao ya kufumia iliyosimama wima mbele ya dirisha. Siku hizo ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kutanda mtande, zile nyuzi za wima. Juu ya nyuzi hizo alikuwa amechora kwa wino picha nne, mwonekano wa dirisha lake katika misimu minne, mmoja juu ya mwingine. Nilichoweza kuona ni picha ya chini tu, ya mvua. Nyingine zilikuwa zimeviringishwa kwenye mti wa juu, kwa sababu mtande huteremshwa kidogo kidogo kadiri kazi inavyopanda. Kabla sijatua hata mkoba aliniuliza habari zako. Nikamwambia hujambo, unamsalimia. Alicheka, akasema mimi ni mwongo lakini mwongo mwenye adabu. Sikuwa nimemwona mama akicheka vile tangu tukiwa wadogo. Nilikaa siku nne.

Mvua zilipoanza, mama akafariki. Hilo unalijua, moyo ulisimama akiwa kwenye kigoda chake. Baada ya mazishi ukanituma nije kuondoa vitu, niuze ile fremu na nirudishe ufunguo. Nilifika nimelowa chapachapa, nikakuta amefuma upana wa vidole sita tu. Nikaitafuta bisibisi. Hapo ndipo akatokea jirani yake, mfumaji mnene mwenye sauti nyembamba ambaye mji mzima unamwita Bi Vidole kwa sababu kila kitu hukipima kwa vidole, hata unga. Alinitolea uvivu. Aliniambia niweke chuma changu chini, kwamba kazi iliyokwisha kutandwa haing'olewi kama hema. Kwao, anayefuma hakati. Kazi ikiisha, anayeikata kutoka kwenye fremu ni yule ambaye imefumwa kwa ajili yake, na mpaka siku hiyo hakuna anayeona uso wake, kwa sababu wao hufuma wakiwa upande wa nyuma. Nilimuuliza ya mama ilikuwa ya nani. Akasema mama hakumtaja mtu, alisema tu kwamba mwenyewe atajijua akijiona.

Nami, Dada, nikajiona. Nani aliyepanda milima hii kumtazama? Si mimi? Basi nikaona ni yangu, na kama ni yangu haifai ife na vidole sita. Nikamwomba Bi Vidole anifundishe.

Sasa unajua kwa nini ufunguo haujarudi. Nilikuambia barabara imekatika. Ilikatika kweli, siku moja. Nilikuambia fundi fremu amesafiri. Hajawahi kusafiri maishani mwake, anaogopa magari. Ukweli ni kwamba kazi hii haimaliziki kwa safari moja hata ungekuwa na mikono kumi. Nyuzi zake zinatiwa rangi na mzee mmoja mkali mwenye mikono ya buluu mpaka kwenye kiwiko. Anapika rangi zake kwa magome na mizizi na majani anayoyaokota mwenyewe, na hakubali kuweka akiba. Ukitaka kijani cha mvua, uje wakati wa mvua. Nilijaribu kumbembeleza anipikie rangi zote kwa pamoja, nikamweleza kwamba nina cherehani mbili na sare za shule zinanisubiri. Alinitazama kama mtu aliyeombwa achemshe viatu.

Kwa hiyo nikarudi wakati wa joto. Usingeutambua mji. Vijumba vyote wazi, wageni wamejaa na kamera zao, wanagusa kila kitu na kuuliza kimetengenezwa kwa muda gani. Mchoraji wa nyumba ya tatu ana mlima mmoja tu anaouchora tangu ujana wake, na bado anasema pua ya mlima haijakaa sawa. Bi mmoja mgeni aliusifu, naye akamwambia kama anaona ni mzuri basi hajui kutazama. Huku watu hawana haya. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani nafuma majani ya njano, jasho linanitiririka, na Bi Vidole nyuma yangu akinikemea. Nina haraka ya cherehani, alisema, napiga uzi kana kwamba kuna mteja mlangoni. Alinifumulia kazi ya siku mbili. Nilinuna, nikaenda kukaa mtoni, nikarudi.

Kisha nikarudi wakati wa upepo, majani yalipopukutika. Wageni wameondoka, kila mtu anachoma takataka uani na kukohoa. Wakati ule ndipo mkono wangu ulipotulia. Nilikuwa nafuma asubuhi mpaka jua linapoondoka, kisha fundi fremu ananipandishia chai, tunakaa bila maneno mengi. Nilianza kumwelewa mama. Hakukimbia mtu, Dada. Alikuwa amepika na kufua na kuuguza kwa miaka arobaini, akataka kukaa mahali pamoja na kutazama dirisha moja mpaka alione. Ningetamani angetuambia vizuri zaidi. Lakini sisi pia hatukuuliza vizuri.

Na sasa ni baridi tena, nami niko hapa tangu wiki tatu zilizopita. Jumatatu ya kwanza tuliteremsha mtande wa mwisho, na picha ya nne ikafunguka, ile ambayo mama aliichora nikiwa sijaiona. Ni barabara hii hii, tupu, milango imefungwa. Katikati yake kuna mtu anapanda kuja huku juu, amejifunika vizuri, mkoba begani. Nikamwambia Bi Vidole kwamba huyo ni mimi, mkoba uko bega la kulia, hivyo hivyo ninavyoubeba mimi. Nilianza hata kulengwa na machozi.

Bi Vidole hakuwa na haraka. Alipima mtu yule kwa vidole vyake, kisha akaniuliza nimekaa upande gani wa kazi. Nikasema nyuma. Akaniuliza ikikatwa na kugeuzwa, mkoba utakuwa bega gani. Nikasema la kushoto. Akaendelea tu, akasema mama alikaa siku mbili na mchoro ule, akiufuta na kuuchora upya, kwa sababu alitaka ukigeuka uwe bega la kushoto, wala lisiwe lingine.

Katika ukoo wetu wote, Dada, ni nani anayebeba mkoba bega la kushoto? Ni nani aliyechapwa na babu kwa kulia chakula mkono huo, na mama akamtetea mpaka wakakosana? Ni nani ameniharibia mikasi mitatu pale dukani kwa kuilazimisha mkono usio wake? Mama alikuchora wewe. Alikuchora ukija, katika baridi ile ile niliyokuwa hapa na barua yako mfukoni.

Basi sikia. Mama hakuisoma barua yako. Hakuisoma kwa sababu sikumpa.

Siku ile uliponikabidhi ulikuwa umekasirika, uliibamiza bahasha kwenye meza yangu ya kukatia, ukaniambia nimpe mkononi na nisubiri jibu. Nikafika, nikamkuta anacheka. Nikaogopa. Nilidhani ndani kuna yale yale ya wahuni na nyuzi na kututupa. Siku ya kwanza nikasema nitampa kesho. Siku ya nne nikasema nitampa safari ijayo, nikapanda gari. Safari ijayo ilikuwa ya kumchukua maiti. Ndipo pale kaburini uliponiuliza, watu wametuzunguka, uso wangu ningeuweka wapi? Nikasema alisoma. Ukauliza alisema nini, nikasema hakusema kitu, nikidhani nafunga mjadala.

Bahasha niliifungua wakati wa mvua, nikiwa peke yangu chumbani humu, na sina haki yoyote ya kuifungua. Ilikuwa mistari saba. Ulimwomba radhi. Ulimwomba akuruhusu uje kukaa naye wiki moja akuonyeshe anachokifanya. Miezi yote hii umeishi ukiamini kwamba mama yako alisoma maneno yale akanyamaza, na aliyekutia hilo moyoni ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja, kwa kuogopa kelele. Mama naye alikufa akisubiri mtu ambaye tayari alikuwa ameomba njia. Hakuna msimu nisiolifikiria hilo. Nilijificha kwenye nyuzi. Nilijiambia nikimaliza kufuma nitasema, na kila safari nikashukuru kwamba haijaisha.

Juzi imeisha.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kwa barua nimeshakukosea vya kutosha. Ukitaka kunipiga makofi, shavu ninalo. Lakini naomba uje. Barua yako nimeifunga pamoja na hii, jinsi ilivyokuwa, isipokuwa gundi. Basi la asubuhi linafika hapa saa nane mchana, linakushusha chini mtoni, na kutoka hapo unapanda kwa miguu, taratibu kwa ajili ya goti. Mlango ni wa kijani, juu ya fundi fremu. Bi Vidole amekataza mtu yeyote asipite upande wa mbele wa kazi mpaka ufike, hata mimi, hata fundi fremu mwenye nyumba. Mzee wa rangi ameuliza mara mbili kama umeshapata habari, na kwa tabia yake hiyo ni hotuba.

Nisalimie shemeji na wanao wote, yule mdogo mwambie sare yake nitaishona nikirudi. Wasalimie majirani wanaoniulizia. Mbwa mkune kichwa kwa niaba yangu. Wote wa huku wanakusalimu, na safari hii salamu si za kutunga.

Mkasi usibebe. Nimeutafuta mji mzima nikaupata kwa mtengeneza vinanda, nikaunoa mwenyewe, uko juu ya kigoda cha mama. Ni wa mkono wa kushoto.

Mimi mdogo wako,
Fundi