Parkingi ya Watu wa Miguu

Jumatatu, 2 Julai 1984

Habari ya patro, mwenye jengo, imefika hapa Kalemie kwa redio ya fonia toka Lubumbashi. Papa Banza atakuja Jumamosi ya tarehe 21, pamoja na muntu mumoja anayetaka kununua jengo letu alifanye depo ya pamba. Akikuta wateja, tunabaki. Asipowakuta, anauza. Duka zote za chini ya paa hili zitafungwa, ya nguo, ya chumvi na sabuni, ya viatu, ya misumari, na mimi, Mujinga kwa jina la Kiluba, jerante anayezisimamia zote, nitarudi kutwanga mihogo nyumbani. Ee Mungu wangu!

Magazini hii, jengo lote, ilijengwa kwa ajili ya watu wa motokari. Parkingi yake ni pana, unaweza kucheza mupira. Lakini motokari zenyewe ziko wapi? Esanse ya kutia ndani hakuna, barabara ni mashimo matupu. Hata hivyo Emile, sentinele anayelinda hapa, kila siku ya salongo, kazi ya bure ya kusafisha muji, anapaka mistari ya chokaa, safi kabisa. Wanaopaki ni mbuzi.

Jumatano, 4 Julai

Wateja wa leo: Père, padri wa misioni, na pikipiki yake. Alinunua kioo cha taa. Basi!

Na wamama wanapita hapa mbele tangu asubuhi, toka Kituku, kule ziwani, mpaka stesheni ya gari la moshi, mizigo kichwani, bila kugeuza hata jicho. Nimesimama mulangoni kuwaita. "Asante Mama, tutarudia." Hawarudii. Léonie anayeuza nguo anasema tumefungwa na wachawi. Nimemwambia afunge kinywa chake kwanza.

Jumapili, 8 Julai

Lazima niandike hii kabla sijaacha kucheka.

Baada ya misa nilienda kusalimia mama yangu kule Lubuye. Akanijazia kitunga cha viazi vitamu. Kamionete yetu haina esanse, basi, kichwani! Tangu niolewe sijajitwika kitu. Shingo, yoyo! Nilipokaribia magazini kiu ilikuwa imenishika, funguo ninazo, ndani kuna maji ya baridi. Nikasema nitaingia.

Nikapita!

Nimepita mbele ya mulango wangu mwenyewe, sikusimama. Maana nikitua, nani atanitwika? Jumapili Emile hayuko, njia haina muntu. Nilibaki kucheka peke yangu barabarani mpaka watoto wakasema yule mama amelewa. Lakini njo sababu yenyewe! Wachawi hawamo. Mwenye muzigo hatui pahali pasipo muntu wa kumutwika. Tumepanga mahali pa Peugeot, mwenye kitunga hatukumufikiria.

Jumanne, 10 Julai

Nimemweleza Emile. Mbao ndefu juu ya miti, kimo cha kichwa. Mama anakaribia, anasukuma muzigo toka kichwani mpaka juu ya ubao, anaingia, ananunua. Akitoka, anaingiza kichwa chini ya kitunga, anakivuta, anaenda. Haombi musaada wa muntu.

Emile akatoa macho. Parkingi ni ya motokari, Mama, patro atasema nini? Nikamuuliza: motokari gani? Akaenda kutafuta nyundo.

Jumatano, 11 Julai

Aibu! Emile alipima kwa kichwa chake mwenyewe. Na Emile ni murefu, anainama kwa kila mulango wa Kalemie. Hata mimi sifikii ule ubao. Mama Alphonsine anayeuza ndagala alisimama chini yake, akaangalia juu, akauliza kama tunataka kuanika mawingu. Njia nzima ilicheka. Emile amekasirika, hakula.

Jumamosi, 14 Julai

Leo! Leo!

Mbao mbili, moja ya warefu, moja ya wafupi. Mama Alphonsine njo wa kwanza. Alisukuma kitunga chake, akageuza shingo huku, akageuza huku. "Ah! Shingo imerudi." Akaingia, akanunua sabuni na chumvi, akajaribu viatu vyote bila kununua hata kimoja, akatoka kuita wenzake. Kabla ya saa sita mbao zilijaa. Léonie ameuza vitenge mpaka amesahau wachawi. Na nje, wenye kungojana wameanza kuuziana wenyewe kwa wenyewe, samaki wa mikebuka kwa mihogo.

Emile amefuta mistari yake ya zamani. Amepaka mipya, midogo midogo, ya vitunga! Nilitaka kumukumbatia, lakini watu wangesema.

Alhamisi, 19 Julai

Kila siku wanakuja. Nafurahi, na ninaogopa. Patro anaipenda ile parkingi kuliko magazini yenyewe. Kama ataona wateja? Ao ataona uchafu tu?

Jumamosi, 21 Julai

Naandika nyuma ya meza ya kontwari.

Wamefika na treni, Mercedes yake juu ya vago. Toka gari la moshi mpaka hapa ni karibu, lakini Papa Banza atembee kwa miguu? Honi! Honi! Parkingi imejaa wamama. Akashuka, amevaa koti mpya ya abakosti, muntu wa depo nyuma yake. Soko gani hii, Mujinga? Nani amewaruhusu?

"Ni mimi, Papa."

Akasema tuondoe yote, motokari iingie. Shofa wake akavunja ubao wa warefu, vitunga vikashushwa chini. Hakuna aliyegombana. Mama Alphonsine akamwendea patro polepole, kwa heshima yote. "Tunatoka, Papa. Lakini mumeshusha mizigo chini. Nitwike."

Nani aliyelelewa na mama anakataa neno hilo? Patro akamwangalia muntu wa depo. Yule akaangalia viatu vyake. Patro akainama.

Sasa ni foleni. Amevua koti, jasho linamutoka. Patro anauliza kila mama: unatoka wapi? Umenunua nini ndani ya magazini yangu? Nasikia wanajibu, sabuni, kitenge, misumari, kandambili. Na ninamwona Mama Alphonsine — yule mama! — ametua tena pale pembeni, amerudi nyuma ya foleni!

Muntu wa depo amekaa peke yake ndani ya Mercedes, mulango wazi. Shofa ameinua nyundo mbele ya ubao wa wafupi, na patro anamukaripia kwa sauti, kitunga mikononi:

"Wee! Acha huo ubao kwanza! Huoni koti yangu iko juu?"

Ananiita.